Nyuzi za Kuchemka za Mbwana Kheri

Nchi ya Tengani ipo. Najua wapo watakaonitolea ramani waniambie nioneshe kwa kidole, na hao sina muda nao, maana ramani huchorwa na watu wenye haraka. Namna Sikudhani na mumewe, Mbwana Kheri, walivyofika huko nayo isitupotezee wakati. Walitoka Pangani kwenda kuuza bizari, wakashika njia ambayo siyo, wakafika. Ninalotaka kulisimulia ni jinsi mwanamke mwenye akili zake timamu alivyohangaika siku mbili nzima kutaka kujua sheria ya watu inasema nini, na kila alipofafanuliwa akawa hajui hata lile alilolijua jana yake.

Kwanza mfahamuni. Sikudhani alikuwa mtu wa kutaka mambo yaeleweke. Dukani kwao kila mkebe ulikuwa na karatasi yenye jina, na aliyethubutu kurudisha iliki kwenye mkebe wa karafuu alisikia maneno siku nzima. Mbwana alikuwa kinyume chake. Mama yake Mdigo, baba yake Mmanyema, mwenyewe kakulia kwa shangazi huko Kondoa, na alipotengeneza bizari ya pilau hakupima. Alimwaga, akanusa, akaongeza, akapiga chafya, akasema tayari. Na ikawa tayari kweli, ndicho kilichomkera mkewe. Ndoa yao ilikuwa na miaka kumi na moja na ilikwenda hivyo hivyo, huyu akiandika majina, huyu akimwaga.

Langoni mwa Tengani walimkuta afisa mmoja, mtu wa makamo, amevaa nguo ya pamba nyeupe isiyo na kifungo wala zipu, maana kule kifungo ni kitu kingine na nguo ni kitu kingine. Jina lake Bati. Bati nani? Bati tu. Mtu mmoja kuwa na majina mawili huko ni kosa. Bila kuinua macho, akawauliza habari za safari.

"Safi," akasema Sikudhani, kama ambavyo mimi na wewe tungesema.

Bati akaandika. Akamgeukia Mbwana, ambaye siku hiyo alikuwa amepigwa na vumbi, halafu mvua, halafu vumbi tena, naye si mtu wa kujibu kwa mkato.

"Ah, mchanganyiko tu, bwana," akasema Mbwana.

Bati akaandika hilo pia, akagonga muhuri mara mbili, na milango miwili ikafunguliwa. Sikudhani alielekezwa kulia. Mbwana alishikwa viwiko na watu wawili wapole sana, akapelekwa kushoto huku bado anacheka, akidhani ni mambo ya chanjo.

Huko Tengani hakuna salamu, ndilo wasilolijua. Swali likiulizwa, linataka jibu, na jibu lililoandikwa langoni ni kiapo. Sikudhani alikuwa amekula kiapo kwamba yeye ni dutu safi. Mumewe alikuwa amekiri mbele ya afisa, bila kulazimishwa na mtu, kwamba yeye ni mchanganyiko, na mchanganyiko huko hupimwa na kutenganishwa. Sikudhani alipopaza sauti kwamba zile zilikuwa salamu za kawaida, Bati alimweleza kwa utaratibu kwamba mtu safi hana haja ya kupaza sauti. Akauliza basi kwa nini yeye naye asipimwe, ukweli ujulikane. Akaambiwa haiwezekani. Kilichoandikwa safi hakipimwi, kwa sababu kikipimwa kitaonekana kimetiliwa shaka, na chenye shaka si safi. Sikudhani aliirudia sentensi ile kichwani mara tatu, akaona ina mlango wa kuingilia lakini wa kutokea haumo.

Mkebe wao wa bizari ulichukuliwa ukapelekwa mezani, maana sheria ya mchanganyiko haibagui mtu na bidhaa. Watumishi sita wakaanza na chekeche. Unga ukapita, punje zikabaki. Wakazipepeta punje, makapi ya iliki yakaruka upande wake. Unga wakautia majini wakachuja kwa kitambaa; chumvi ikapita pamoja na maji, wakayachemsha yale maji mpaka yakakauka, chumvi ikabaki sufuriani nyeupe kabisa. Ilikuwa kazi ya watu wanaoijua kazi yao, hilo siwanyimi. Ila pilipili manga, mdalasini na bizari nyembamba vilisagwa pamoja kwenye mashine moja, na hapo walikaa wakipiga chafya tangu saa nne mpaka adhuhuri. Mwishowe wakaandika kitabuni kwamba bidhaa imekataa kutoa ushirikiano.

Bati ndiye aliyepewa jukumu la Sikudhani, kwa kuwa kule aliyemwandika mtu ndiye anayemjibia. Alimpeleka nyumba ya wageni akamwagizia chai. Sasa, chai ya Tengani huja kwa vyombo vinne: kikombe cha maji ya moto, kisahani cha majani, kijiko cha sukari, na maziwa kwenye kibakuli. Unatafuna majani, unalamba sukari, unakunywa maji, unapumzika kidogo, halafu maziwa. Sikudhani alitaka kumimina maziwa kwenye kikombe, na mpishi akamshika mkono akamsihi asimponze akafutiwa leseni. Chakula ilikuwa zamu ya wali. Alipouliza chumvi, akaambiwa chumvi ni Jumanne.

Akamuuliza Bati nchi yao ilifikaje hapo. Bati alikuwa na jibu lililopangika vizuri. Alisema zamani Watengani waliishi ovyo kama watu wa popote, mpaka mwaka mmoja maji ya kisima yakaingia uchafu na watu wakafa nyumba kwa nyumba. Wakajifunza kuyachuja maji na kuyachemsha, vifo vikakoma. Na kwa kuwa kuchuja kuliwaokoa mara ile, walionelea hakuna kitu kisichostahili kuchujwa. Baada ya maji wakachuja vyakula, baada ya vyakula wakachuja maneno, na baada ya maneno wakaanza kuchuja watu. Sikudhani alikubali moyoni kwamba mwanzo wa habari ile ulikuwa na maana, tena maana kubwa, lakini kila alipotafuta mahali maana ilipoishia hakupaona. Akauliza kuhusu hewa. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili, na alikumbuka kwamba hewa tunayovuta ni gesi kadhaa zilizochanganyika. Bati alifunga dirisha, akasema hewa haijadiliwi.

Hayo yote Sikudhani aliyauliza kwa kujizungusha. Alilotaka kulijua lilikuwa moja, atampata lini mumewe. Bati akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema Mbwana amepangiwa kukenekwa kesho saa sita mchana.

Kukeneka Sikudhani alikujua. Aliwahi kuona mawaridi yakikenekwa kupata marashi: unachemsha, unaukamata mvuke kwenye mrija, unaupoza, unadondoka chomboni ukiwa maji tena, na makapi yanabaki nyuma chunguni. Hakujua kwamba inafanywa kwa binadamu. Akaomba aelezwe, na Bati akasema ni rahisi zaidi akioneshwa.

Basi asubuhi wakaenda Nyumba ya Utenganisho, maana mtu safi ana haki ya kutazama. Chumba cha kwanza kilikuwa cha sumaku. Sumaku yenyewe ni kiti, kiti cha kawaida cha ofisi chenye magurudumu, kimewekwa katikati ya ukumbi. Watu walipitishwa mbele yake kwa mwendo wa kawaida, na wenye chuma ndani yao walikwenda kukikalia bila kuitwa. Asubuhi hiyo walipita watu ishirini, wakavutwa kumi na tisa, na wawili kati yao wakaumizana. Chumba cha pili kilikuwa cha kuchuja, na kichujio chake ni fomu ya kurasa arobaini. Waliojaza kimya kimya waliteremka wakapita. Waliouliza swali lolote walibaki juu, wakaitwa mashapo. Sikudhani alifungua mdomo kuuliza fomu ile ni ya nini, Bati akamshika mkono akamtoa upesi.

Chumba cha tatu kilikuwa na rafu za chupa, mamia ya chupa, kila moja na karatasi yenye jina. Sikudhani alijikuta anapendezwa na mpangilio ule, kisha akaona aibu kwa kupendezwa. Bati alimwonesha chupa moja yenye kitu mfano wa ukungu ndani yake.

"Kile ni kicheko changu," akasema. "Kilitoka cha kwanza. Vyepesi hutoka kwanza."

Alimsimulia bila kinyongo. Siku alipokenekwa, kilitangulia kicheko, kikafuata kitu fulani alichokuwa akikihisi mvua ikianza kunyesha, ambacho jina lake limemtoka, halafu uchungu, halafu kumbukumbu za mama yake. Kilichobaki chunguni ni uangalifu, na ndio yeye huyu. Sikudhani akamuuliza kama hatamani kuifungua ile chupa, japo mara moja tu. Bati alilifikiria swali kwa bidii kabisa. Alisema analielewa, lakini hicho cha kutamania kiko rafu ya chini.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia mwanamke yule, hofu ya kweli. Mbwana akichemshwa, kitakachotangulia kutoka kilijulikana, na kitakachofuata pia. Saa sita mchana wangemkabidhi mtu mwenye sura ya mumewe anayepima bizari kwa mizani, na wangetaka ashukuru. Miaka yote alitamani Mbwana awe na utaratibu kidogo. Sasa alikuwa amesimama mbele ya utaratibu wenyewe na hakuutaka hata kidogo. Akamuuliza Bati kama ipo njia yoyote ya kisheria. Bati akasema ipo, kwa vile yeye ni safi anaruhusiwa kumsemea mtu mahakamani, na mahakama ilikuwa inakaa saa tatu.

Hakimu alikuwa mama mmoja aitwaye Zebaki, mnene, mlaini, mwenye sauti tamu. Ukidhani umemshika kwenye neno hili, unamkuta kwenye neno lile. Mbwana aliletwa akakalishwa kwenye kigoda mbele yake. Alimpungia mkewe mkono. Ndani ya siku moja alikuwa amewazoea walinzi wote, na mmoja alishaandikiwa barua kwa kosa la kutabasamu.

Sikudhani alianza na chumvi. Alisema ile chumvi waliyoitoa jana kwenye bizari yao na kuisifu kwa usafi, mwalimu wake wa sayansi aliwafundisha kwamba ni vitu viwili vilivyoungana: metali inayoripuka ikitiwa majini, na gesi yenye sumu. Vikikaa mbalimbali, kila kimoja ni balaa. Vikiungana vinakuwa kitu cha tatu, mtu anatia kwenye mchuzi anakula na wanawe, na hakuna chekeche wala kitambaa kitakachovirudisha vilivyokuwa. Mbwana naye ni hivyo. Udigo na Umanyema viliungana vikatoa mtu ambaye si huyu wala si yule, ni Mbwana, na hakuna mahali pa kumkata.

Ukumbi ulinong'ona. Makarani watatu waliangaliana, na mmoja akaenda kuleta kitabu kinene. Walijadiliana kwa muda mrefu kama chumvi ni ya kutajwa mahakamani siku isiyokuwa Jumanne. Hakimu Zebaki alikubali kwamba ni hoja.

"Kilichoungana ni safi, hakitenganishwi, hiyo ni sheria," akasema. "Lakini kilichoungana kina uwiano wake, na uwiano ule haubadiliki. Kila tone la maji lina vipimo vile vile, hapa na kwenu. Tuambie vipimo vya mumeo."

Sikudhani angeweza kusema nusu kwa nusu, mambo yakaisha, lakini hakuwa mtu wa kubandika jina lisilo lake. Akasema inategemea. Msibani Mbwana ni baba yake mtupu. Harusini ni mama yake, jikoni ni shangazi wa Kondoa, na akiwa na njaa mwenyewe hajui ni nani. Ukumbi mzima alicheka mtu mmoja tu, naye ni mshitakiwa. Karani akaandika kwamba uwiano haujatulia. Chai ambayo leo tamu kesho chungu ni mchanganyiko, na huyu pia.

Bati alimwinamia akamnong'oneza kwamba amechemsha. Sikudhani akainamisha kichwa, maana kwetu aliyechemsha ni aliyeharibu, na yeye mwenyewe aliona kaharibu. Kumbe mwenzake alikuwa anampongeza. Kule aliyechemsha ni aliyefika mahali pake, na kwa Bati, mgeni kuulizwa swali na hakimu kulikuwa ni kufika mbali. Ilichukua muda kuelewana juu ya hilo, na saa ilikuwa inakwenda.

Hakimu akasema umebaki mlango mmoja, kipimo cha kuchemka. Dutu safi huchemka kwenye nyuzi zake, ghafla, pale pale, leo na kesho. Mchanganyiko huanzia hapa ukamalizia kule, hauna mahali maalumu. Mbwana atachochewa mara mbili. Akichemka mara zote mbili kwenye nyuzi zile zile, ataandikwa safi na kuachiwa. Asipofanya hivyo, atakwenda chunguni saa sita kama alivyopangiwa.

Akaitwa Mchochezi wa Serikali, mtu mkavu aliyebeba kitabu cha matusi mia moja, kila tusi limepimwa na kupewa nyuzi zake kuanzia moja hadi mia. Lile la kwanza lilihusu viatu. Kwenye la kumi na tano Mbwana alikiri kwamba ni kweli. La arobaini na mbili lilihusu pua yake, na alicheka mpaka akafuta machozi. Alipofikiwa na la sabini na moja aliomba lirudiwe polepole ili akampelekee shemeji yake. Katika la tisini akaguswa mama yake mzazi, na Mbwana akasema mama mwenyewe alikuwa akijisema vibaya kuliko hivyo. La mia lilisomwa kwa sauti ya juu, Mchochezi akitokwa jasho. Mbwana akamwambia aendelee, ndio kwanza pananoga.

Sasa wote wakachanganyikiwa, si mgeni peke yake. Sheria haikuwa na ukurasa wa kitu kisichochemka. Karani mmoja akasema huyu huenda ni jiwe. Mwingine akasema jiwe halicheki, tatizo ni kitabu cha matusi kimepitwa na wakati na bajeti ya kukirekebisha ilikataliwa. Wa tatu akataka waanze upya kwenye viatu. Hakimu Zebaki aliwasikiliza wote na kukubaliana na wote, kisha akaamua kwamba mtu asiyejulikana nyuzi zake atiwe chunguni vivyo hivyo, na moto uachwe mpaka kitoke kitu. Ilibaki nusu saa.

Sikudhani alijua Mbwana anachemka wapi. Alikuwa anajua tangu Mchochezi alipofungua ukurasa wa kwanza, na alikaa kimya akiomba isifike huko.

Walikuwa na mtoto. Hidaya, mwaka mmoja na miezi minane. Siku homa ilipompanda, Mbwana alikuwa kwenye mashine ya kusaga, na Sikudhani alipomwendea na mtoto mgongoni, Mbwana alimwambia asubiri kidogo amalizie gunia lililobaki, waende hospitali pamoja. Gunia lile lilichukua saa nzima na zaidi. Hidaya alifia njiani, geti la hospitali wakiwa wanaliona. Daktari aliwaambia kwamba hata wangewahi huenda isingesaidia. Alisema huenda. Ilikuwa imepita miaka miwili na nusu, na katika muda huo wote Sikudhani hakulitaja gunia lile hata mara moja, wala Mbwana hakulitaja. Na waliomjua Mbwana zamani watakwambia kwamba alikuwa mcheshi siku zote, lakini kucheka vile, kucheka kila kitu, kulianza baada ya arobaini ya mtoto.

Sikudhani akasimama akaomba amchochee yeye. Makarani walipekua kitabu, wakaona mtu safi hakatazwi. Akaenda akasimama mbele ya kigoda. Mbwana alikuwa bado ana tabasamu, kisha akaona uso wa mkewe na tabasamu likaanza kuondoka.

"Ungeacha lile gunia, Mbwana," akasema.

Karani aliomba ufafanuzi, gunia gani, na la kilo ngapi. Hakujibiwa, kwa sababu Mbwana alikuwa ameshanyanyuka. Sauti iliyomtoka haikuwa na neno hata moja ndani yake. Meza ya makarani ilipinduka, kitabu cha matusi kikaenda kugonga ukuta, na walinzi wanne walimning'inia bila kumsogeza. Chini ya meza iliyopinduka karani aliandika: ghafla, bila dalili, pale pale. Hakimu Zebaki alisogea mbele kwenye kiti chake, akasema hajapata kuona kitu safi namna hii.

Ila ilitakiwa mara ya pili. Mbwana alikalishwa akapewa maji, apoe, kama sheria inavyotaka. Hakuyanywa. Alimtazama mkewe bila kupepesa. Sikudhani akaona tatizo jipya. Mbwana si mjinga, na sasa alikuwa na nafasi ya kuelewa kwamba ile ilikuwa mbinu ya kumtoa. Mbinu ikishajulikana haichemshi mtu. Ikisemwa mara ya pili kwa sauti ya mbinu, atachemka nusu, au atalia tu, wataandika mchanganyiko, na chungu kiko tayari. Ilimbidi aseme kwa namna ambayo haitasikika kama mbinu. Akaanza kutafuta ndani yake mahali pa kuisemea, na alidhani itakuwa kazi kubwa. Haikuwa kazi. Aliyakuta maneno yamekaa, tena yapo na mengine yaliyokuwa yakisubiri, na hilo lilimtisha kuliko Tengani yote.

"Nilisimama pale na mtoto mgongoni," akasema, na sauti ilikuwa yake kabisa. "Nikakwambia anawaka. Ukanionesha gunia. Ungeliacha, Mbwana."

Akachemka pale pale. Sitaeleza tena. Karani alilinganisha maandishi mawili akakuta hayapishani hata nukta, na ukumbi mzima ukasimama kwa heshima, maana watu wale, pamoja na yote, wanaheshimu kipimo kilichotoka vizuri. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Hakimu Zebaki alitoa cheti kwa mkono wake mwenyewe. Jina la Kheri lilikatwa, likabaki Mbwana. Bati aliwasindikiza hadi langoni akawakabidhi bizari yao, pakiti ndogo ndogo zenye majina na moja kubwa iliyoandikwa kwamba ni kaidi, akawatakia mwendo wa aina moja.

Walitembea mpaka Tengani ikawa haionekani tena nyuma yao. Mbwana alikuwa ametangulia hatua kadhaa. Hakupiga mluzi, hakusema lolote juu ya pua yake wala juu ya makarani, na Sikudhani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwomba anyamaze japo kidogo, alihesabu hatua zake akingoja aseme chochote. Cheti kilikuwa kinaloa jasho mkononi mwake. Alijiambia kwamba amemtoa. Alijiambia mara nyingi, na kila mara alikuwa hana hakika amemtoa nani.

Mbwana akasimama bila kugeuka.

"Mama Hidaya," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu maziko.

"Abee."

"Ile mara ya pili. Ulisema ili nitoke, au ulisema kwa sababu ndivyo unavyoona?"

Alitaka kumjibu upesi kwamba ni ili atoke, na lingekuwa jibu la kweli. Alitaka kumjibu lile jingine, nalo lingekuwa la kweli. Alisimama katikati ya njia, jua la mchana likimpiga utosini, akijaribu kuliweka hili upande huu na lile upande ule apate la kumpa, na kila alipoinua moja lilikuja na mwenzake. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyajua nayo ni ya lipi.

"Sijui," akasema. "Wallahi sijui, Mbwana."

Mbwana alitikisa kichwa taratibu. Akatafuta mahali penye majani makavu kando ya njia, akakaa chini, akaitua mizigo.

"Na mimi," akasema, "sijui kwa nini sikuliacha."

Sikudhani akaenda akakaa karibu naye, na wakaanza kuisimulia siku ile tangu asubuhi, tangu mtoto alipokataa uji.